Friwili Husingiziwa Mengi: Kelele za Baiskeli za Mizigo Mwambao wa Rumonge

Baiskeli ya gia moja ikianza kupiga kelele, mshukiwa wa kwanza huwa friwili. Sababu inaeleweka. Katika baiskeli nzima hicho ndicho kipuri ambacho hutoa sauti hata kikiwa kizima, na sauti hiyo kila mtu anaijua tangu utotoni. Basi fundi huinua gurudumu la nyuma, hulizungusha, hutega sikio, kisha hutoa hukumu. Friwili mpya inanunuliwa, ile ya zamani inatupwa kwenye kopo la vyuma chakavu, na mara nyingine mwenye baiskeli hafiki mbali kabla kelele zilezile hazijarudi. Makala haya yanatetea jambo moja: sikio ni hakimu mbaya wa friwili. Friwili ihukumiwe kwa wakati kelele inapotokea, na ikithibitika kwamba imekufa, mbadala wake uchaguliwe kwa habu iliyopo, kwa njia inayopitwa na mzigo, na kwa hali ya cheni. Bei na ukimya wake dukani vije baadaye sana.

Mjini Rumonge swali hili ni la riziki. Mji huo uko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kilomita 70 na kitu kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara ya RN3 inayofuata mwambao hadi Nyanza-Lac na kuelekea mpaka wa Tanzania. Ndio kitovu cha mawese ya Burundi, na bidhaa za huku karibu zote ni nzito au ni nyingi: madumu ya mawese, ndizi, mihogo, magunia ya ndagala (dagaa), sabuni, abiria. Machi 2022 serikali ilipiga marufuku baiskeli, pikipiki na bajaji kuingia katikati ya jiji la Bujumbura, lakini nje ya jiji baiskeli iliendelea na kazi yake, na uhaba wa petroli ulioiandama nchi katika miaka hii umeiongezea kazi nyingine ambazo zamani zilifanywa na injini. Dumu la lita 20 za mawese lina uzito wa kilo 18 hivi. Madumu sita yanazidi kilo 100 kabla hujamhesabu mwendeshaji, na mtu anayesukuma mzigo huo hana anasa ya kununua kipuri kisichohitajika.

Tuanze na umbo la kitu chenyewe. Friwili ina pete mbili. Ya ndani imekazwa kwa hesi kwenye habu, yaani ule mtungi wa chuma ulio katikati ya gurudumu. Ya nje ndiyo yenye meno yanayoshika cheni. Kati ya pete hizo kuna safu mbili za gololi ndogo, pamoja na vipande viwili vya chuma vyenye ncha, ambavyo hapa tutaviita kucha, kila ukucha ukisukumwa na springi nyembamba. Ukikanyaga pedeli, kucha hujikita kwenye meno yaliyochongwa upande wa ndani wa pete ya nje, na pete mbili zinakuwa kitu kimoja pamoja na gurudumu. Ukiacha kukanyaga, gurudumu hukimbia mbele huku pete ya nje ikibaki, kucha zinarukaruka juu ya meno, na hapo ndipo ile tiki-tiki inapotoka. Sasa angalia matokeo yake: wakati unakanyaga, ndani ya friwili hakuna kinachozunguka. Gololi zimetulia, kucha zimeuma, springi zimelala. Kipuri ambacho ndani yake hakuna mwendo hakiwezi kusaga wala kukwaruza kwa mfululizo.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakigharimu hata faranga moja. Baiskeli ikiwa kwenye mwendo, mwendeshaji aache kukanyaga. Kelele ikikoma papo hapo, friwili haina kosa. Atafutwe mhalifu kwenye cheni, kwenye pedeli, kwenye kotapini zinazofunga mikono ya krenki, au kwenye gololi za ekseli ya kati. Kelele ikianza pale tu anapoacha kukanyaga, hapo friwili ina kesi ya kujibu. Ikiendelea vilevile, akanyage asikanyage, basi tatizo linazunguka pamoja na gurudumu: beringi za habu, spoki zilizolegea, madigadi yanayogusa tairi, breki inayosugua rimu. Hesabu kidogo inasaidia zaidi. Sproketi ya mbele ikiwa na meno 44 na friwili meno 18, kila mzunguko mmoja wa pedeli unazungusha gurudumu mara mbili na karibu nusu. Mlio unaokuja mara moja kwa kila mzunguko wa pedeli unatoka mbele, kwenye krenki au pedeli. Unaokuja mara moja katika kila mizunguko miwili na nusu hivi ya pedeli kwa kawaida ni kiungo kimoja cha cheni kilichokakamaa, kwa kuwa cheni nzima huchukua muda huo kurudi ilipoanzia. Fundi anayehesabu mizunguko kabla ya kushika spana amekwisha kumwokolea mteja wake pesa.

Fundi mzoefu atapinga, na ana haki. Zipo friwili zilizolika gololi kiasi kwamba pete ya nje inalala upande chini ya mvutano wa cheni, zikatoa mlio wa kukata hata wakati wa kukanyaga. Ni kweli. Lakini hali hiyo haihitaji sikio. Shika meno ya friwili kwa vidole viwili na uyatikise kulia na kushoto. Kuyumba kidogo ni kawaida, hata kwa friwili iliyotoka dukani leo. Kuyumba kunakoonekana wazi, kiasi kwamba cheni inabadilisha mstari wake, ni ugonjwa. Pia wapo watakaosema tiki-tiki imekuwa kubwa kuliko zamani na kwa hiyo friwili imechoka. Mara nyingi maana yake ni kinyume: mafuta yameisha, na kucha zinagonga chuma kikavu. Friwili ya kuogopwa ni ile iliyonyamaza ghafla bila mtu kuitia mafuta, maana kimya hicho kinaweza kumaanisha ukucha umeganda kwenye uchafu na haurudi mahali pake.

Hapa jiografia ya Rumonge inaingia. Uso wa ziwa uko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Ukanda tambarare wa mwambao ni mwembamba, na mashariki yake milima inapanda kuelekea Bururi hadi kupita mita 2,000. Mwendeshaji wa taksi-velo, yaani baiskeli ya abiria, anayezunguka kati ya soko, bandari na mitaa ya mji hukanyaga karibu muda wote. Friwili yake inachakaa upande wa nje, kwenye meno yanayosuguana na cheni. Anayepandisha mzigo milimani hufanya kazi nyingine kabisa. Kwenye mwinuko hushuka na kusukuma kwa mkono, na baiskeli inayosukumwa inazungusha gurudumu bila pedeli, maana yake friwili inatikatika njia nzima. Kwenye mteremko huiachia, na friwili inatikatika tena. Huyu anaweza kuwa na meno mazuri ya nje huku ndani mwake gololi zimekwisha. Baiskeli mbili za aina moja, zilizonunuliwa siku moja, zinaweza kufa vifo viwili tofauti, na kwa hiyo swali la friwili gani ni nzuri halina jibu moja kwa mji mzima.

Uchafu nao una tabia ya mahali. Mombasa au Zanzibar adui ni chumvi ya bahari. Maji ya Tanganyika ni matamu, na mji wa ziwani hauna kutu ya aina ile. Una mchanga wa ufukweni, vumbi jekundu la kiangazi cha Juni hadi Agosti, na tope la masika. Friwili za kawaida za gia moja hazina mpira wa kuzuia maji. Kati ya pete mbili kuna upenyo tu. Ziwa lilipopanda na kufurika mwambao mwaka 2021, na tena 2024, baiskeli zilizopita kwenye maji yaliyofika kwenye habu ziliruhusu mchanga kuingia moja kwa moja kwenye gololi. Friwili iliyopita hapo inaweza kulia vibaya bila ya kuwa imechakaa. Gurudumu lilazwe ubavu, friwili imiminiwe mafuta ya taa kwenye upenyo huku ikizungushwa kinyume mpaka yatoke safi, iachwe ikauke, kisha iwekwe matone machache ya mafuta mepesi ya mashine. Ikiwa sauti imerudi kuwa tiki-tiki safi, hakuna cha kununua.

Kuna kishawishi cha kulainishia kwa kile kilichopo karibu, na Rumonge kilichopo karibu ni mawese. Yeyote aliyeacha dumu la mawese limesimama kwa siku kadhaa ameona jinsi yanavyojigawa, mepesi juu na mazito kama uji chini. Sehemu ile nzito huganda kwenye joto la kawaida la usiku wa ziwani. Ndani ya friwili, ganda hilo linashika kucha na kuzuia springi dhaifu kuzirudisha. Ukucha mmoja ukibaki umelala, mwenzake anabeba mzigo wa wawili. Grisi nzito ya magari ina kosa hilohilo, na oili chafu iliyotolewa kwenye injini inaleta unga wa chuma pale ambapo tumeutoa kwa taabu. Mawese yana kazi nyingi na zote ni za heshima. Hii si mojawapo.

Ni lini basi friwili imekufa kweli? Dalili ni tatu na hazitegemei ukubwa wa sauti. Ya kwanza ni kuteleza: unakanyaga kwa nguvu na pedeli inaanguka mbele bila kuvuta gurudumu. Kwa baiskeli ya mzigo hiyo ni hatari hasa, kwa sababu mguu ukikosa kizuizi mwili mzima hufuata, na nyuma kuna kilo 100 zinazotaka kurudi chini. Kuteleza kunakobaki baada ya kusafisha hakuna dawa. Ya pili ni kukaza: ukiacha kukanyaga, cheni ya juu inalegea na pedeli zinataka kuzunguka zenyewe, ishara kwamba gololi zimevunjika au zimekwama. Ya tatu ni meno ya nje yaliyolika upande mmoja mpaka yakapinda kama ndoana. Hapo cheni hupanda juu ya jino na kuruka, na watu wengi huchanganya kuruka huku na kule kuteleza kwa ndani. Zitofautishe kwa macho: cheni ikiinuka juu ya meno, kosa ni la meno na cheni, cheni ikitulia huku pete nzima ikizunguka bure, kosa ni la kucha.

Sasa ununuzi. Swali la kwanza dukani linapaswa kuhusu hesi, na ndilo linaloulizwa mara chache kuliko yote. Friwili nyingi za baiskeli za watu wazima duniani hufuata kipimo cha Kiingereza: kipenyo cha inchi 1.375, ambacho ni karibu milimita 34.9, na mizunguko 24 ya hesi kwa kila inchi. Kipimo cha zamani cha Kifaransa ni milimita 34.7, na kila mzunguko unachukua milimita moja kamili. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba mikono haiwezi kuihisi mwanzoni. Friwili ya Kiingereza huingia kwenye habu ya Kifaransa ikicheza kidogo, na mzigo wa kwanza wa maana huing'oa pamoja na hesi ya habu. Ubelgiji iliitawala Burundi hadi 1962, na lugha ya vipuri nchini bado ina Kifaransa kingi, lakini baiskeli nzito za India na China zinazobeba mizigo Afrika Mashariki, za akina Hero ya Ludhiana na Phoenix ya Shanghai, ni wajukuu wa baiskeli za Kiingereza. Kwa hiyo anayeagiza kwa maneno ya Kifaransa kwa kawaida anahitaji chuma cha Kiingereza. Mwenye baiskeli kuukuu ya Ulaya ndiye apime kwanza. Kuna pia friwili ndogo za baiskeli za michezo ya watoto, zenye meno 15 kushuka chini, ambazo baadhi hutumia habu ya milimita 30. Hizo hazifungi kabisa, ila zinafanana na nyingine zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Kinga ni rahisi: nenda dukani na gurudumu, au angalau na friwili ya zamani iliyokwisha kutolewa.

Swali la pili ni idadi ya meno, na hapa mazoea yamelala usingizi. Aliyekuwa na 18 hununua 18, kwa sababu ndiyo iliyokuja na baiskeli. Aliyeipanga baiskeli hiyo kiwandani hakuwa na habari ya madumu ya mawese wala ya mlima wa Bururi. Friwili za gia moja hutengenezwa pia kwa meno 16, 20 na 22, na hesabu ya kila moja inaweza kufanywa kwenye kipande cha karatasi. Gurudumu la inchi 28 lina mzingo wa karibu mita 2.2. Kwa 44 mbele na 18 nyuma, mzunguko mmoja wa pedeli unasogeza baiskeli karibu mita 5.4, kwa 22 nyuma, mita 4.4. Mwendeshaji anayekanyaga mizunguko 60 kwa dakika atakwenda kilomita 19 kwa saa katika hali ya kwanza na kilomita 16 katika ya pili. Anachopata kwa kupoteza kilomita hizo tatu ni nafuu ya asilimia 18 ya nguvu ya mguu, kila hatua, kutwa nzima.

Nafuu hiyo isitiwe chumvi. Chukua mwendeshaji wa kilo 65, baiskeli ya kilo 22 na madumu sita, kwenye mwinuko wa mita 5 kwa kila mita 100. Kwa friwili ya 18 mguu unatakiwa kukandamiza kwa wastani wa kilo 59 bila kupumzika, karibu uzito wote wa mwili. Kwa 22 ni kilo 48. Zote mbili haziwezekani kwa zaidi ya muda mfupi, na mwenye akili atashuka asukume. Anayeuza friwili ya 22 kwa ahadi kwamba mtu atapanda mlima akiwa juu ya tandiko na madumu sita anauza ndoto. Lakini punguza mzigo uwe madumu mawili, na hesabu inashuka kutoka kilo 37 hadi 30. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kushuka na kuendelea, na miinuko midogo ya aina hiyo ndiyo iliyojaa kwenye RN3, pale barabara inapopanda kichuguu cha mwamba kati ya mto mmoja na mwingine, au upepo wa ziwani unapokuja usoni. Kwa taksi-velo isiyotoka katikati ya mji, 18 ibaki. Kwa mzigo wa wastani unaokwenda nje ya mji, 20 au 22 ina hoja yenye nguvu. Kwa mzigo mkubwa wa milimani idadi ya meno ina faida ndogo, na pesa ingetumika vizuri zaidi kwenye breki.

Pingamizi linalosikika dhidi ya friwili kubwa ni kwamba itavunja kucha, kwa vile inamwongezea mwendeshaji nguvu. Pingamizi hili lina nusu ya ukweli. Mtu akisimama juu ya pedeli kwa uzito wake wote, friwili ya 22 kweli inapeleka msokoto mkubwa zaidi kwenye kucha kuliko ya 18. Lakini kwenye mwinuko fulani, kwa mzigo fulani na mwendo uleule, gurudumu linahitaji msokoto uleule bila kujali meno ni mangapi, na kucha zinabeba huo. Kinachopungua ni mvutano wa cheni, ambayo sasa inagawa kazi kwa meno mengi zaidi, na kwa hiyo inachakaa polepole. Gharama halisi ya kuhama kutoka 18 hadi 22 iko kwingine: cheni itakuwa fupi. Ama ekseli ya nyuma isogezwe mbele kiasi cha milimita 12, ikiwa matundu ya fremu yanaruhusu, ama ziongezwe pingili mbili.

Cheni ndilo swali la tatu, na ndipo pesa nyingi inapopotea. Pingili ya cheni ya baiskeli ina urefu wa nusu inchi, hivyo pingili 24 mpya zina inchi 12 kamili kutoka pini hadi pini. Cheni haivutiki kama mpira; pini na matundu yake hulika, na urefu huongezeka. Rula ya fundi cherehani inatosha kupima. Ziada ikifika sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, cheni imefika mwisho wa maisha yake ya heshima. Ikifika sehemu moja ya nane, imekwisha kuyachimba meno ya friwili yafanane nayo, na ndipo balaa la mnunuzi linapoanza: friwili mpya ikikutana na cheni hiyo ndefu, jino moja au mawili yanabeba mvutano wote, cheni inaruka siku ya kwanza, na meno mapya yanaanza kupinda yafuate cheni. Mtu anarudi dukani kulalamika kwamba amepewa friwili bandia. Huenda ni kweli kwamba ni hafifu, ila kilichoiua ni cheni aliyoibakiza ili asitumie pesa.

Kwamba pesa haipo, hilo ni pingamizi zito kuliko yote, na katika nchi ambayo fedha za kigeni zimekuwa adimu na kila kipuri kinatoka ng'ambo, halijibiwi kwa mahubiri. Jibu lake ni mpangilio. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu na meno ya friwili bado yamenyooka, inunuliwe cheni, siyo friwili. Hiyo ndiyo inayolinda kila kilichobaki. Kama meno yamekwisha kupinda na cheni imekwisha kurefuka, na pesa ni ya kimoja, ni afadhali kuendelea na vyote viwili vya zamani vilivyozoeana mpaka pesa ya viwili ipatikane, alimradi haviruki. Kubadilisha kimoja ndio uamuzi wa gharama kubwa zaidi ingawa risiti yake ndiyo ndogo. Na upana uangaliwe: cheni za baiskeli nzito zina upana wa ndani wa sehemu moja ya nane ya inchi, wakati za baiskeli za gia nyingi ni nyembamba zaidi. Cheni pana hukaa kwenye meno membamba bila ugomvi. Cheni nyembamba kwenye meno manene haiingii.

Ukishamaliza maswali hayo matatu ndipo uanze kulinganisha iliyo ghali na iliyo rahisi. Kwa macho na mikono unaweza kujua mengi. Zungusha pete ya nje polepole ukiitazama kwa ubavu: ikipanda na kushuka, meno hayako kwenye duara moja na ya ndani, na cheni itakaza na kulegea katika kila mzunguko; iache. Sikiliza kama kucha mbili zinaanguka kwa mlio mmoja thabiti. Tazama uso wa ndani kama una mikato ya kushikia kifungulio, miwili au minne, maana friwili isiyo na mikato hiyo hutolewa kwa kuibomoa. Jambo hili hudharauliwa kwa sababu mafundi wengi hutumia tindo na nyundo kwa vyovyote vile. Lakini kila kukanyaga kunaikaza friwili kwenye habu, na baada ya mwaka wa mizigo tindo huondoka na kipande cha mkato, kisha cha pete, kisha hesi ya habu. Kifungulio kimoja kilichobanwa kwenye jiliwa, gurudumu likazungushwa juu yake kama usukani, kinafanya kazi hiyo bila jeraha. Karakana yoyote ya mjini ingerudisha gharama yake kwa haraka.

Za gharama kubwa zipo. Kampuni ya Shimano, iliyoanzishwa na Shozaburo Shimano mjini Sakai, Japani, mwaka 1921, ilianza kwa kutengeneza kitu hikihiki, friwili ya gia moja, kabla ya kuwa jina kubwa la baiskeli za mashindano; ni ushahidi kwamba kipuri hiki kidogo kinastahili uhandisi wa kweli. Friwili bora zinafunguka, gololi zake zinabadilishwa, zinadumu. Kwa mbeba mawese, hata hivyo, uimara wa kupindukia hauna maana ikiwa mchanga unaingia kwa kasi ileile na cheni haipimwi. Ya bei ya kati, yenye duara sahihi na mikato ya kifungulio, ikioshwa mara kwa mara katika masika, itamfaa zaidi. Wengine hupendekeza kuachana na friwili na kufunga habu yenye breki ya ndani, ile ya kukanyaga nyuma, aina ambayo Ernst Sachs wa Schweinfurt aliipatia umaarufu mwaka 1903 kwa jina la Torpedo. Kwenye tambarare ni kifaa kizuri sana. Kwenye mteremko mrefu wenye mzigo mkubwa habu hiyo hupata joto, grisi yake huungua, na breki hupungua nguvu pale hasa inapohitajika. Kutoka Bururi kushuka ziwani, hapana.

Kinachobaki ni kufunga, na haraka huharibu hapa. Hesi ya habu isuguliwe kwa kitambaa hadi ing'ae, ipakwe grisi, hii sasa ile nzito, kwa kuwa hapa hakuna kucha za kuganda na bila grisi chuma cha pete kitashikana na cha habu. Friwili ianze kuingia kwa vidole peke yake, mizunguko mitatu au minne. Ikigoma, itolewe na ianzwe upya. Ikilazimishwa kwa spana itakata hesi mpya na habu itakuwa ya kutupwa. Ikishaingia, miguu ndiyo inayomaliza kukaza. Kwa sababu hiyo friwili husogea ndani kidogo kwenye kilima cha kwanza, na mstari wa cheni pamoja na mvutano wake hubadilika. Baada ya kilima hicho cheni ipimwe tena, pedeli zikizungushwa taratibu mpaka ifike pale inapokaza zaidi. Hapo iweze kuinuliwa katikati kwa sentimita moja hadi moja na nusu, kisha nati za ekseli zikazwe kwa mara ya mwisho kabla madumu hayajapandishwa kwenye keria.